Diski Shingoni mwa Mama

Kamusi ya shule yetu ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia herufi S hadi mwisho, kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa cha A mpaka R. Nilikipenda hivyo hivyo. Kila siku nilimeza maneno kumi na maana zake, nikawakariria ng'ombe wa watu njiani. Nilipochaguliwa kwenda Homa Bay kwenye mashindano ya msamiati, niliringa wiki nzima.

Ijumaa, nyigu akaniuma uwanjani. Nani, akiumwa na nyigu, hufungua kamusi kwanza? Nililia kwa Kijaluo, "Uwi, mama!" Papo hapo nikavishwa diski, kile kibao chenye kamba alichovaa shingoni yeyote aliyesema lugha ya nyumbani, mpaka amsikie mwingine akikosea na kumvisha. Kengele ikalia kabla sijampata mtu. Mwalimu wa Kiingereza akasema nikifika nayo Jumatatu, safari nisahau.

Nyumbani nililia tena. Mama, aliyeuza dagaa wa omena sokoni Oyugis, aliacha kupepeta akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, Kijaluo ulifundishwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Basi kosa ni langu." Akanivua diski, akaivaa yeye.

Jumamosi aliuza omena na diski shingoni. Wateja walimcheka, naye akawacheka zaidi. Walipopungua, akaniomba maneno ya Kiingereza. Nilidhani atataka samaki na bei. Alitaka kusema "mimi", "mwalimu" na "wa kwanza". Aliyarudia mpaka jioni huku akipima omena kwa gorogoro. Tangu siku hiyo sijapata mwanafunzi niliyempenda vile.

Jumatatu, tukiwa kwenye gwaride, mama akatembea mpaka mbele, leso kiunoni. Akamwambia mwalimu kwa Kiingereza, neno moja moja, "Mimi ndiye mwalimu wake wa kwanza."

Mwalimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Adabu ya kwao ikamtoka kabla hajakumbuka sheria yake. "Erokamano ahinya, mama," akamshukuru kwa Kijaluo.

Mama akavua diski, akamvisha.

Tulicheka hadi walimu wakashindwa kutunyamazisha, maana nao walikuwa wameshika mbavu. Mama akaenda zake sokoni. Mwalimu akasoma orodha ya Homa Bay, kibao kikining'inia kifuani pake, na jina langu akalisoma la kwanza.