Ngata Chini ya Besi

Hadi leo nikisikia harufu ya shaba iliyosuguliwa, bega langu la kushoto huanza kuuma kabla sijakumbuka kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tukiishi ghorofani Rexdale, mtaa wa Toronto, na kanisa letu la Watanzania lilikuwa na bendi ya matarumbeta. Mwalimu Elibariki, kiongozi wa bendi, alinivika besi, lile tarumbeta kubwa linalozunguka mwili na kulalia begani, eti kwa sababu mimi ni mrefu. Hakuniuliza. Jamani, dude lile lilikuwa zito!

Kwao Mwalimu, kule Moshi, magari husimama kupisha msafara wa bibi harusi. Toronto nani akusimamishie gari? Basi Mwalimu akaamua kila harusi tuzunguke uwanja wa kuegesha magari tukipiga, baridi ikitukata masikio, mpaka wakubwa watosheke kucheza. Na hawatosheki wale! Kuweka chombo chini kabla bibi harusi hajaingia ukumbini ilikuwa mwiko. Nikirudi nyumbani, mama ananikanda kwa maji ya moto kama mwanamke aliyetoka kujifungua, huku akisonya. Ikafika mahali nikashindwa kuinua mkono kuchana nywele.

Ndipo mama aliposokota kanga yake ikawa ngata, kama ya kubebea ndoo kichwani, akaishonea ndani ya koti langu la sare. Harusi iliyofuata nilizunguka bila kulia. Mwalimu akaona uvimbe. Mbele ya watu wote akaingiza mkono, akaing'oa, akaitupa kwenye theluji.

"Hapa hatuteki maji! Unanitia aibu!"

Mama alikuwa mlangoni. Alikuja, akaiokota kanga yake, akaikung'uta, kisha akanivua besi na kumvika Mwalimu.

"Haya baba, zunguka. Sisi tutacheza."

Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mwalimu hakumaliza hata mzunguko mmoja. Aliliweka chini, bibi harusi akiwa bado nje.

Sasa kwenye kila picha bega langu moja liko chini ya jingine. Jumapili iliyopita nilimkuta Mwalimu kanisani, mvi tupu, nikamwamkia. Akampima kwa macho binti yangu niliyekuwa naye.

"Huyu mrefu. Atatufaa kwenye besi."

Hakukumbuka chochote, mzee wa watu! Mimi sijasahau, wala sijamsamehe. Utotoni nilinyamaza, mama akanisemea. Safari hii mama ni mimi, na heshima yake nilishampa kwenye shikamoo.

"Mwalimu," nikamwambia, "mabega si unayo? Beba mwenyewe."