Vitambaa Vyekundu Kando ya Mpunga

Mimi ni mtu wa kushuku kwanza na kuuliza baadaye. Msimu ule nilikuwa nahesabu vyura na mijusi kwenye kinamasi karibu na Hale. Nilifukia ndoo midomo ikiwa sawa na ardhi, nikaziunganisha kwa uzio mfupi wa nailoni. Chura akikutana na uzio huufuata pembeni mpaka adumbukie ndooni. Kila ndoo niliichomekea kijiti chenye kitambaa chekundu nisiipoteze majanini. Asubuhi nawaandika, nawaachia.

Siku ya nne vijiti vitatu havikuwepo, na ndoo zake zimejaa udongo. Nilikasirika sana, maana hesabu ikiharibika, kazi nayo imekwenda. Mtuhumiwa nilishampata: bibi aliyelima mpunga pale kando, ambaye kila nikimwamkia aliitikia bila kuinua kichwa.

Kesho yake nilimvizia kwenye matete, mtu mzima na shahada yangu, ruba wakininyonya miguu. Kulipopambazuka akaja. Aling'oa kijiti, akapiga magoti, akawatoa vyura mmoja mmoja kwa kiganja na kuwaweka majini. Ndipo akamwaga udongo ndani ya ndoo.

Nilijitokeza. Shikamoo yangu ilikuwa ya hasira, na sikungoja marahaba. Alifuta mikono kwenye khanga, akasema vyura hana ugomvi nao. Kwenye shamba la mdogo wake, kule bondeni, walikuja vijana wapole namna hii hii, wakachomeka vijiti vya vitambaa vyekundu, wakasema wanaangalia udongo tu. Msimu uliofuata mdogo wake hakulima tena. Yeye shamba analo hili moja.

Niliona aibu, lakini bado nilijiona mwema. Nikampa daftari langu la fomu aone mwenyewe kwamba mimi naandika wanyama tu: aina, urefu, namba ya ndoo. Alilipokea, akalisogeza mbali kidogo na macho.

"Sasa mjukuu wangu, ukiwakuta vyura wengi, hao waliokutuma watasema hapa ni pa vyura au ni pangu?"

Nikakumbuka kwamba chini ya kila fomu kulikuwa na swali nililolijaza kila siku bila kuwaza: shughuli za watu zinazoharibu eneo. Siku nne mfululizo, kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimeandika: kilimo cha mpunga.

Kidole chake kilikuwa kimeshafika hapo, na alikuwa anasoma polepole, kwa sauti.