Baba Mdogo Alipoomba Piyesi

Kuna asubuhi moja naikumbuka kila nikikuona, mwanangu, umekunja uso kwa sababu kaka yako, msimamizi wa mirathi, kakuomba karatasi za marehemu baba yako. Hofu hiyo mimi shangazi yako naijua.

Nilikuwa na umri wako. Baba alikuwa amefariki, na wosia ulimtaja mdogo wake wa Nyundo awe msimamizi. Kaka yangu wa mama mwingine alikuwa amefungua kesi akidai nyumba yetu ya Mbugangari, alimoishi mama, naye tayari mgonjwa wa moyo. Asubuhi hiyo ukaingia ujumbe wa baba mdogo kwenye simu: "Nahitaji piyesi yote ya nyumba mbele ya kesi."

Unajua hapa kwetu nyumba ya vyumba vitatu tunaiita ya piyesi tatu. Nami nikasoma hivyo hivyo, kwamba anataka vyumba vyote kabla ya kesi. Badala ya kumpigia, nikamwambia mama kuwa shemeji yake anatufukuza. Akaanza kufunga nguo zake kwenye vitenge. Mimi nikachukua mkoba wa baba, wenye hati ya nyumba, nikauficha kwa rafiki yangu Busasamana. Baba mdogo akipiga simu, sipokei. Wiki tatu nzima mlango ukigongwa sifungui, na bado nilijiona shujaa, usinicheke.

Mahakamani hakimu akamwomba baba mdogo hati. Akasimama mikono mitupu, akasema binti wa marehemu amekataa kuitoa. Nikainuka na kusema hatutoi hata chumba kimoja. Akanigeukia taratibu.

"Piyesi ni makaratasi, mutoto yangu. Ni nani alikuomba vyumba? Mi nilitaka mama yako abakie kwake."

Nilitamani ardhi inimeze. Hakimu alitupa siku mbili, nikaufuata mkoba, na nyumba ikabaki kwa mama. Lakini hofu niliyompa haikumtoka. Mpaka anafariki, kila baba mdogo alipokuja kumsalimia, mama alisimama na kumuuliza kwa unyonge kama ni leo tunahama. Yule mzee aligeuka pembeni akafuta machozi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaficha karatasi, nenda kwa kaka yako, umuulize anataka ipi na ya nini. Akikueleza, mpe, nawe ubaki na nakala. Na usimpelekee mama yako neno ambalo hujalihakikisha. Mungu akupe ulimi wa kuuliza, awaache ninyi ndugu mkiingia nyumbani kwenu bila kuogopana.