Vikwembe vya Wenzangu Njo Vinanilisha

Admin, tafadhali ficha jina yangu na kartiye yangu, mutaa ninamokaa, maana Kalemie ni mudogo, watu watanijua haraka. Na ninyi wasomaji, nawaomba musianze kunitukana mbele ya kumaliza kusoma. Baadaye mutanitukana, hakuna shida, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Niko mama wa miaka 41, na watoto watano. Bwana yangu anafanya kazi kwa reli, lakini mushahara siku hizi tunausikia tu kama habari ya zamani. Nilikuwa nauza ndakala kavu, samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Maisha ilipokuwa ngumu, wateja wakaanza kupita mbele ya meza yangu bila hata kuuliza bei. Tukafika mahali pa kula mara moja kwa siku. Kwa hiyo njaa naijua, sikuhadithiwa.

Sasa munajua namna ya kwetu, mwanamuke haweki pesa benki, anaweka vikwembe, vitenge vya waksi, ndani ya sanduku. Waksi ya ndoa, waksi ya mutoto wa kwanza, ile dada alileta toka Kigoma. Siku moja jirani akaja na waksi mbili hazijakatwa, akaniomba nimutafutie munuzi. Nikazipeleka Manono, kwenye wachimbaji wa madini wako na pesa na wanataka wanawake wao wapendeze. Ziliisha hata mbele ya kunawa vumbi ya pikipiki! Ndakala nikaachia hapo. Nikawa nanunua vikwembe hapa kwa wenye shida na kuviuza kule kwa wenye nacho.

Na nikaendelea, Mungu wangu, nikaendelea! Nimebadilisha mabati, watoto wote wamelipiwa minerval ya shule, nyama tunakula hata katikati ya juma. Kartiye nzima inakonda, mimi nanenepa. Wamama tunaoimba nao kanisani wanakuja asubuhi na kifurushi kwapani. Wanasalimia salamu ndefu, wanauliza watoto, wanauliza bwana, na hawaondoki. Nasema tu, "Leta nione, Mama." Na kuna jambo naona haya kuandika: nikisikia kwamba hali itaharibika zaidi, roho yangu inafurahi kidogo. Hiyo njo inaniogopesha sana.

Niko na rafiki wa tangu shule, nimuite Mama Zawadi. Bwana yake alipoteza kazi bandarini, na wanaishi na mama mukwe wake, muzee ambaye haoni tena. Sisi wote tunamuita Koko, ni kusema bibi. Mama Zawadi aliniletea waksi moja ya zamani, imekunjwa vizuri, inanuka naftalini. Nikanunua. Sikuuliza ni ya nani. Mimi siulizi, maana ukianza kuuliza hutanunua kitu.

Kumbe ilikuwa ya Koko. Alijiwekea miaka mingi ili wamufunike nayo siku ya kuzikwa. Wazee wetu wanafanya hivyo, kila muntu anajua, na mimi nilijua. Lakini watoto wa nyumba ile walikuwa na homa, dawa hakuna, na Mama Zawadi akaiuza bila kumuambia muzee.

Miezi miwili haikupita, Koko akaanza kuumwa. Akaomba wamupe kikwembe yake aishike. Mama Zawadi akakimbia kwangu analia, "Dada, unirudishie, nakuomba!" Ningeirudisha toka wapi? Ilikuwa imeshafika Manono, kiunoni mwa muntu nisiyemujua. Nikatoa waksi yangu mwenyewe, mupya, ya bei kali. Nikasema, "Mupe hii, si haoni?" Tukaenda pamoja.

Koko akaipokea, akapapasa pindo pole pole. Akasema, "Hii ni nzuri. Ya kwangu nilishona pindo na mukono yangu." Akauliza, "Watoto walipona?" Nikajibu mimi, "Walipona, Koko." Akasema, "Basi," akageukia ukuta. Nilitamani anitukane, lakini hakusema tena neno juu ya kikwembe.

Alikufa juma iliyopita. Nilileta unga, makala ya kuwasha moto, samaki, nikapikia watu wa kilio siku tatu. Watu wakanibariki, "Mama, Mungu akuongeze." Aniongeze! Nilitaka kukimbia. Na ndani ya sanduku ya kuzikia nikaona Koko amefunikwa na shuka ya kitanda. Nikafikiri labda yeye mwenyewe aliikataa waksi yangu.

Leo asubuhi Mama Zawadi amekuja, kifurushi kwapani. Akasalimia salamu ndefu, akauliza watoto, akauliza bwana. Akafungua. Ni ile waksi yangu niliyotoa kwa ajili ya Koko.

"Nilimunyima," akasema. "Nilisema yeye anaenda kwenye hakuna njaa, sisi tunabaki. Uninunulie, dada. Tangu watu wa kilio waondoke, hatujasonga bukari, unga iliisha."

Nikamuambia achukue pesa tu, kikwembe abaki nayo. Akakasirika! "Mimi si mwombaji. Wengine wote unawanunulia, mimi unanionea huruma?" Nikamupa unga kwa nguvu, nikamuomba arudi kesho.

Bwana yangu anasema, "Nunua, uache ujinga. Wewe ukiacha, wao watauza kwa nani? Na sisi tutakula nini?" Na yuko na haki, njo maana siwezi hata kumukasirikia. Nikinunua, nitakuwa nimemuvua Koko mara ya pili. Nikikataa, ataipeleka kwa mwingine atakayemupa kidogo kuliko mimi, na watoto wake watalala njaa vilevile. Nikiacha hii kazi, tutaketi na njaa pamoja nao, na sijui hiyo itamushibisha nani.

Musiniambie tu niombe, nimeomba. Nishaurini, ndugu zangu. Kesho nikimufungulia mulango, nifanye nini?