Daraja la Tatu

Viatu vilinunuliwa kabla ya tiketi. Hapo ndipo watu wa Mwimbi walipoamini kwamba Mzee Sebastiani anasafiri kweli. Mtu anaweza kutangaza safari akaishia Matai, hapo jirani, lakini hakuna anayenunua viatu vya ngozi, vya kamba, kwa ajili ya kufika Matai.

Alivizoeza uani, huku na huku, kati ya ghala la mahindi na zizi. Kila aliyepita alimpa pole. Msiba uko wapi, mzee wetu? Maana mtu wa umri wake akinyoa ndevu na kuvaa kiatu kipya siku isiyo Jumapili, basi mahali fulani kuna mtu amekufa. Sebastiani alitikisa kichwa. Wakauliza kama ni mgonjwa, au harusi, au kesi ya shamba.

"Matembezi," alijibu.

Matembezi ya wapi? Zambia. Kufanya nini huko? Kupanda treni. Na akishapanda? Atashuka.

Wakamwacha. Wengine walisema ni upweke, na hawakukosea sana. Mkewe, Emerensiana, aliondoka duniani mwaka uliopita mvua za kwanza zilipoanza, akaacha ntumba zake, yale matuta ya kufukia majani, hazijasambazwa. Sebastiani alizisambaza mwenyewe, akapanda ulezi, akapalilia, akavuna. Hakuwa mtu wa maneno hata zamani. Sasa hata ng'ombe wake wa plau walikuwa wanaelekezwa kwa mluzi.

Lakini hiyo treni haikuwa ya upweke. Ilikuwa ya ubishi.

Baba yake Emerensiana alikuwa kibarua wakati reli inajengwa. Ilipofunguliwa alimpandisha bintiye, msichana mdogo, wakaenda Mpika, huko Zambia, wakarudi. Katika safari hiyo Emerensiana alirudi na habari moja, na habari hiyo aliisema maisha yake yote: treni ikifika kwenye daraja la mto Chambeshi hubadili sauti. Ardhini inasema hivi, darajani inasema vile. Alikuwa akiiga kwa mdomo, jembe likiwa mkononi.

Sebastiani, ambaye hajawahi kuona treni, alikataa. Chuma ni chuma, alisema, hakina koo mbili.

"Twende ukasikie," mkewe alikuwa akimwambia.

"Tutaenda."

Watoto walizaliwa wakaukuta ubishi huo, wakaoa na kuolewa wakauacha. Kila mwaka kulikuwa na kupalilia, au kuvuna, au ng'ombe kuzaa. Siku zake za mwisho, sauti ikiwa imebaki kidogo, Emerensiana hakumuusia shamba wala mifugo. Alisema, "Kasikie mwenyewe, halafu uniambie." Naye aliitikia.

Kwa hiyo alikuwa na jambo moja tu la kufanya duniani, na jambo lenyewe lilikuwa kwenye daraja.

Fransiska, mdogo wake Emerensiana, ndiye aliyekataa aende peke yake. Binti yake Fransiska, Hellena, ameolewa Mpika, kwa hiyo pa kulala papo. Tena mume wa dada yangu ni mume wangu, alisema mbele za watu, nikimwacha apotee huko ugenini nitaolewa na nani? Sebastiani hakujibu, ila asubuhi iliyofuata alikwenda kwake na mkungu wa ndizi, na hilo lilikuwa jibu.

Hati za kusafiria walizipata bila taabu. Kijana wa uhamiaji aliuliza sababu ya safari, akaambiwa matembezi, akainua kichwa kumtazama vizuri mzee huyu wa viatu vipya, akaandika huku anatabasamu. Ikabaki tiketi.

Tiketi za treni, mjini Sumbawanga, watu wengi huzitafuta kwa Ridhiwani. Familia yake ina mabasi ya kwenda Tunduma, na ndugu yake aliyeko Tunduma hushughulikia mambo ya treni. Unalipa huku, jina lako linatangulia kwa simu. Ofisi yake pale stendi ni chumba kimoja, benchi mbili, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Siku hiyo benchi zilikuwa zimejaa abiria waliosubiri basi. Fransiska alimketisha shemeji yake mbele ya meza, akatoka kutafuta mihogo ya kukaanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Ridhiwani akauliza wanakwenda wapi, wangapi, na kama watarudi. Mpika, wawili, watarudi. Akauliza tena:

"Daraja gani?"

Sebastiani alisogea mbele kitini. Njia nzima kutoka Mwimbi alikuwa akiwaza atawaelezaje watu wa treni jambo lake bila kuonekana mtoto. Kumbe wanalijua. Kumbe ndilo la kwanza wanalouliza.

"La Chambeshi," alisema.

Ridhiwani alidhani kelele ya feni imemzuia mzee kusikia. Akasogea karibu. "Nauliza daraja, mzee. La kwanza, la pili, au la tatu?"

Sebastiani hakujua kwamba yamepewa namba. Akakumbuka maneno ya Emerensiana: kwamba kabla ya Chambeshi walivuka mito mingine miwili, kwenye mmoja alikula hindi la kuchemsha, na mwingine ulimpita akiwa amelala mapajani kwa baba yake. Akahesabu kwa vidole chini ya meza.

"La tatu."

Ridhiwani aliangalia mvi, akaangalia na viatu. "Mzee wangu, nisikudanganye. La tatu hulali. Ni kukaa tu."

"Nani analala darajani?"

"Wengi. La kwanza lina vitanda vinne, na mlango unaufunga kwa ndani."

Hapo Sebastiani aliona kitu kichwani mwake: daraja refu, katikati yake kitanda na chandarua, mtu anafunga mlango. Akafikiri watu wa reli ama wana fedha nyingi mno ama wamechoka akili.

"Juu ya maji?" aliuliza.

"Maji yapo, mzee. Ya kunawa yako mwisho wa behewa. Ya kunywa unanunua."

"Na la pili?"

"La pili vitanda sita. Ila wanaume mbali, wanawake mbali."

"Hata darajani?"

"Hasa huko. Ndio utaratibu."

Mtu mwingine angeuliza zaidi, na mambo yangenyooka mapema. Sebastiani hakuwa na desturi hiyo. Alitazama kuta, Ridhiwani akamsubiri, na abiria wa benchi zote mbili, walioacha mazungumzo yao zamani, wakawatazama wote wawili. Fransiska akaingia na mihogo yake kwenye gazeti.

"Shemeji," Sebastiani alimwambia polepole, kama mtu anayetoa habari mbaya, "hawa wameweka vitanda darajani."

Fransiska alimtazama yeye, akamtazama Ridhiwani, akatazama ubao uliokuwa ukutani, wenye maandishi ya kwanza, pili, tatu. Mihogo ikaanza kutikisika mkononi.

"Daraja, shemeji," alisema. "Siyo la kuvukia. Daraja kama la mtihani."

"Mimi sikufanya mtihani."

Fransiska alikaa chini. Siyo kwenye benchi, chini sakafuni, kanga usoni, mabega yanacheza. Mama mmoja wa Muze aliyekuwa na ndoo ya samaki wakavu alianza naye, kisha dereva aliyekuwa mlangoni, kisha ofisi nzima. Ridhiwani alijitahidi kwa ajili ya heshima, akashindwa, akaweka paji la uso juu ya meza.

"Na dada yangu," Fransiska alisema alipopata pumzi, "miaka yote ananificha kwamba ameolewa na mtu wa daraja la nne!"

Na Sebastiani akacheka. Kicheko chake kilianza kama kikohozi, Fransiska akageuka haraka kumwangalia, maana sauti hiyo haikuwa imesikika tangu mvua zile. Kikapanda. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu, ghafla, akaacha.

"Kwa hiyo Chambeshi haimo?"

Jinsi alivyouliza, kicheko kilikatika ofisi nzima.

"Imo," Ridhiwani alisema upesi. "Imo, mzee. Daraja lolote utakalopanda, Chambeshi utavuka."

Basi ikabidi waambiwe. Fransiska ndiye aliyeeleza, dada na ubishi na ahadi, huku Sebastiani akirekebisha kwa kutikisa kichwa. Alipomaliza, ofisi ilikuwa imewaka. Dereva alisema chuma hakiwezi kubadili sauti, hata basi lake haliwezi. Mama wa ndoo akamuuliza kama amewahi kusikiliza basi lake juu ya daraja la mbao. Mwingine akasema yeye amepanda treni hiyo lakini alikuwa amelala, akaambiwa basi anyamaze. Ridhiwani hakusubiri mwisho. Alimpigia ndugu yake Tunduma, simu akaiweka juu ya meza wote wasikie.

Ndugu huyo aliuliza mzee ana umri gani, akashauri papo hapo: treni ya haraka, daraja la kwanza, kitanda cha chini. Mzee atafunga mlango, atalala, ataamka amefika.

"Chambeshi anaivuka saa ngapi?" Ridhiwani aliuliza.

"Usiku. Hatasumbuliwa na kitu."

Sebastiani alikitazama kisimu kile kama kinachotaka kumwibia.

Kuna ile nyingine, sauti iliendelea, inayosimama kila kituo. Hiyo hupita Chambeshi jua limeshatoka. Lakini ni ya taabu, hasa daraja la tatu: viti tu, watu wengi, mizigo, madirisha wazi, vumbi na kelele yote ya reli inaingia ndani.

Sebastiani aliinama karibu na simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kusema kabla ya kuulizwa.

"Madirisha yako wazi?"

"Wazi kabisa, mzee wangu."

"Na kelele inaingia?"

"Yote."

Akanyooka, akamgeukia Ridhiwani. "Mimi nilisema la ngapi?"

Benchi zikamjibu kwa pamoja kabla ya Ridhiwani. La tatu. Mama wa ndoo alipiga makofi.

Fransiska akauliza mgongo wake umehukumiwa kwa kosa gani. Sebastiani akamwambia yeye achukue kitanda, wataonana Mpika. Fransiska alitafuna kipande cha muhogo akilifikiria hilo.

"Nikalale na wanawake nisiowajua," alisema, "halafu wewe usikie ya dada yangu peke yako? Ridhiwani baba, andika mbili. La tatu. Lakini mume wangu huyu atanibebea begi."

Siku ya safari, Tunduma, Sebastiani aliiona treni kwa mara ya kwanza. Aliipita yote kwa miguu, kuanzia nyuma mpaka mbele, akarudi, akaweka kiganja juu ya chuma chake kama anavyowapapasa ng'ombe kabla ya kuwanunua. Fransiska alimwita mara nyingi. Mzee alipata kiti cha dirishani kwa sababu mama mmoja mwenye vifaranga kwenye kapu aliona viatu vyake na kumheshimu.

Usiku hakulala, ingawa hakuna aliyemzuia. Asubuhi ilipotoka alikuwa bado ameketi wima, kofia magotini. Nje palikuwa na miti ya miyombo, nyumba chache, watoto waliopunga mikono. Alipunga na yeye. Kila waliposikia mlio mpya aliuliza, "Bado?" na mama wa vifaranga, ambaye hiyo ni njia yake ya biashara, alisema bado, baba. Kufikia mara ya nne behewa lote lilikuwa linajua, na lilikuwa linajibu pamoja: bado!

Halafu mama huyo akasema, "Sasa."

Sebastiani akasimama. Alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, akatoa kichwa, kofia ikaanguka. Ardhini treni ilikuwa inasema taka-taka, taka-taka, maneno mafupi ya mtu mwenye haraka. Miti ikakatika. Chini pakafunguka, mto mpana, kando yake matete, maji yakienda bila kusukumana, jua juu yake. Na treni ikabadili sauti.

Haikuwa taka-taka tena. Ilikuwa mlio mmoja mrefu, wa kifuani, ulioanzia chini ya soli za viatu vipya ukapanda magotini, tumboni, mpaka kwenye meno. Ndivyo hasa Emerensiana alivyokuwa akiiga, mdomo wazi, jembe mkononi. Hakuwa amezidisha hata kidogo.

Ulidumu kwa muda wa kuvuka, kisha ardhi ikarudi, na maneno mafupi yakarudi nayo.

Sebastiani hakuondoka dirishani. Fransiska alimwokotea kofia, akaipangusa, akangoja. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye mwenyewe, akayafuta kwa ncha ya kanga akisema vumbi la daraja hili la tatu litamuua.

"Ameshinda," Sebastiani alisema.

"Nani, shemeji?"

"Dada yako."

Akakaa, akapokea kofia, hakuivaa. Magoti yake yalikuwa yanacheza kama ya mtoto aliyezuiwa kukimbia. Mama wa vifaranga akamuuliza kama amesikia, na yeye akafungua mdomo, mbele ya behewa zima la watu asiowajua, akaiga. Ardhini hivi. Darajani vile. Watu wakacheka, mmoja akasema ndivyo kabisa.

Kisha akamgeukia Fransiska, macho yamemtoka.

"Kurudi tunapita hapa hapa?"

"Sasa tupite wapi pengine?"

"Basi," alisema, akianza kufunga vizuri kamba za viatu, "kurudi nakaa dirisha la upande ule."