Daftari la Matundu

Niliishi Ujerumani miaka kadhaa, chuo kikuu, nikiwasaidia wasomi wao katika lugha zetu mchana na kusikiliza mihadhara yao jioni. Kwetu Makwale watu hunitambulisha kwa wageni kwa jambo hilo moja. Sijawahi kuwaambia kwamba nafasi ile ilikuwa makombo ya mtu mwingine.

Mtu huyo nilisoma naye shule ya misheni ufukweni mwa ziwa, enzi za Wajerumani, sote tukiwa vijana wenye ndevu tayari. Mimi nilitoka kwenye mpunga, migomba na ng'ombe. Yeye alikuwa Mkisi, wa kabila la wafinyanzi wa ufukweni, na mama yake alifinyanga vyungu. Kila akiingia darasani sisi Wanyakyusa tulipiga kelele, "Chungu kimefika! Maharage yako wapi?"

"Si ninyi hapo," alijibu, akaketi.

Mwalimu wetu Mzungu alitangaza kwamba siku ya mtihani atatupa habari ya Kijerumani ambayo hatujawahi kuiona. Atakayeisoma na kuieleza vizuri kuliko wote atakuwa mwalimu msaidizi. Nilipofika nyumbani nilimweleza baba. Kufikia jioni baba alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba nafasi nimeipata.

Basi nikajitesa. Njia yangu ilikuwa moja: neno nisilolijua sikulivuka. Nilisimama hapo hapo, nikamfuata mwalimu, nikauliza, nikaandika kwenye daftari, nikalikariri, ndipo niende kwenye neno linalofuata. Herufi zao zilikuwa na pembe kama fahali, na mimi nilimkamata kila fahali peke yake. Ukurasa mmoja ulinichukua wiki nzima. Nikifika chini nilikuwa nimesahau juu kulisemwa nini, lakini daftari langu lilikuwa nene, na nilijivunia unene wake.

Yule Mkisi hakuuliza kitu. Alisoma ukurasa mzima kwa mkupuo, akarudi mwanzo, akasoma tena, huku akichora vitu fulani kwenye kidaftari chake. Kisha alicheka peke yake. Kilichoniuma ni kile kicheko. Habari ilikuwa na mzaha, yeye ameupata, na mimi bado niko mstari wa tatu.

Jumamosi moja nikaenda kwao, eti natafuta chungu cha kununua. Hakuwepo, alikuwa ziwani. Mama yake alikuwa kazini, akizunguka donge la udongo kinyumenyume, akivuta kuta juu na kulainisha mdomo. Mdomo ulikuwa mzuri. Lakini nilipochungulia ndani niliona chini hakuna kitu, tundu tu.

"Mama, hiki kimetoboka," nikasema, kwa huruma ya msomi.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. "Ninyi watu wa ng'ombe! Chini hufungwa mwisho, mwanangu. Nikianza kuhangaika na tundu sasa hivi, kuta zitaanguka. Acha zikauke kidogo, nitakigeuza, nitaziba. Na matundu mengine hujiziba yenyewe udongo ukivutwa."

"Ndaga, mama," nikamshukuru, bila kusikia hata neno moja. Macho yangu yalikuwa kwenye kile kidaftari, kimewekwa juu ya vyungu vilivyokauka. Alipoinama kuongeza maji, nilikitia ndani ya shuka yangu. Nikaondoka bila chungu.

Nilikifungua njiani. Hakikuwa na maneno. Kila ukurasa ulijaa viduara, vingine vidogo, vingine vikubwa, vingi vimekatwa kwa mstari. Nikajua ni uchawi wa ufukweni, nikakificha chini ya kitanda.

Siku ya mtihani nilikuwa wa kwanza kupewa karatasi. Mstari wa kwanza ulikuwa na neno nisilolijua. Nikasimama hapo. Nikalitafuta kichwani, ukurasa kwa ukurasa wa daftari langu. Mwalimu alipokohoa kuashiria muda umekwisha, nilikuwa bado kwenye mstari wa kwanza, mwaminifu kama ng'ombe kwenye kigingi.

Kisha akasoma yule Mkisi. "Kuna mjane ana mbuzi. Kitu cheupe kinaanguka kutoka juu, sikijui, ila ni baridi na kinafunika njia. Mbuzi anapotea. Jirani ambaye hawasemezani ndiye anayemrudisha. Maneno matatu hayajanifungukia, bwana mwalimu. Lakini nadhani sasa watasalimiana."

Mwalimu alimshika mkono mbele yetu sote.

Nje, mshindi akanifuata. "Ndugu yangu, hukuona kidaftari changu?"

"Sijakiona."

"Basi. Yalikuwa matundu tu ya maneno nisiyoyajua, na mengi nilikwisha kuyaziba. Ila daftari lako, utaniazima? Una maneno mengi ambayo mimi sina."

Nikamwambia limeliwa na mchwa. Akanipa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Hiyo ndiyo sijamsamehe.

Mwaka uliofuata barua ilitoka Ujerumani, chuo kikuu kikitaka mtu wa huku. Aliitwa yeye. Akakataa, kwa kuwa mama yake hakuwa na mwingine wa kupeleka vyungu sokoni Kyela kwa mtumbwi. Mwalimu alipomwuliza nani basi aende, alinitaja mimi. "Yule ana maneno mengi," alisema.

Huko walinipa kitabu kizito kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nilikwama ukurasa wa kwanza kwa siku tatu. Siku ya nne nikachora kiduara, nikapita. Nikachora kingine, nikapita. Nilipofika mwisho wa sura na kugeuka nyuma, nusu ya viduara vilikuwa vimejiziba, na nikamsikia yule mama akinicheka.

Tangu hapo nimewafundisha wengi njia ile. Daima wapo wanaouliza nimeitoa wapi, nami husema nimeibuni mwenyewe. Wanapoiandika, huwa natazama dirishani. Kidaftari bado ninacho. Mwenyewe, yule Mkisi, anaishi mwendo wa siku moja kutoka hapa, nasikia anafundisha bado, na kwamba wanafunzi wake wanacheka sana darasani.