Sufuria ya Bibi Ruti

Kila nikitoka Columbus kwenda Buffalo kumwona mama, pua yangu hunitangulia jikoni kabla hata sijavua koti. Nyama ya mbuzi inachemka taratibu, na mwishoni mama huimiminia maziwa mazito, kama bibi alivyofanya kwao Burundi alipofikiwa na mgeni mkubwa. Harufu hiyo hunitia njaa na aibu kwa pamoja. Njaa haina siri. Aibu nimeificha miaka mingi, leo nawatolea ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Kigoma mwaka uliotangulia, tukapanga nyumba ya mbao katika mtaa wa Black Rock, Buffalo, kuukuu, inayopitisha upepo wote wa mtoni. Baba alikuwa kiwandani kutwa nzima. Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, mama akajifungua mdogo wangu. Kule kambini wanawake wangejaa nyumbani na kuni na uji, na maneno mengi ya kumchekesha mzazi. Hapa alikuja mtu mmoja tu, Bibi Ruti, mjane wa Kiyahudi aliyejitolea kumfundisha mama Kiingereza kila Alhamisi. Alileta supu ya kuku katika sufuria ya bluu, nzito kama jiwe la kusagia. Hakutupa pole, wala hakuzungusha macho kutafuta tulichopungukiwa. Aliitua jikoni, akampokea mtoto, akaniambia nimwambie mama akalale.

Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Hospitali, shuleni, dukani, mama alisema kwa kinywa changu, nami nilijiona mkubwa kweli kweli.

Sasa, kwa mama, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia mayai mawili au chumvi kidogo. Supu ilipokwisha, alikaa akiitazama ile sufuria kwa muda.

"Tangu ujana wangu napokea tu," alimwambia baba. "Unga wa mgao, blanketi za mgao, hata sabuni ya mgao. Safari hii na mimi natoa."

Na alifikiri sana, msidhani alikurupuka. Alijua kutoka kanisani kuwa Wayahudi hawali nguruwe, kwa hiyo baba alitumwa mpaka upande wa pili wa mji kutafuta mbuzi. Mama akampika kwa heshima zote, na maziwa juu yake. Tena akampika ndani ya sufuria ile ile ya Bibi Ruti, ili imfikie ikiwa bado ya moto.

Tulimpelekea Jumapili baada ya ibada. Bibi Ruti akafunua mfuniko, mvuke ukampanda usoni.

"Kinanukia vizuri," akasema. "Ni nini?"

"Mbuzi na maziwa," nikajibu kwa maringo.

Mkono wake ulikuwa bado umeshika mfuniko. Kisha akafunika polepole, akashika mikono yote miwili ya mama. "Mwambie mama yako, tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyenipikia."

Nikatafsiri. Mama alirudi garini akitembea kama mtu aliyepewa uraia siku hiyo hiyo. Kumbe alikuwa amesahau shali ya mtoto, nikatumwa kuifuata. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Nikamwona Bibi Ruti akihamishia nyama yote kwenye bakuli la mama mmoja anayeishi ghorofa ya juu.

"Kula ingali moto," alikuwa akimwambia. "Imepikwa na rafiki yangu."

Nikainyakua shali, nikaondoka bila kuaga. Moyo uliniuma. Chakula cha mama yangu hakikumfaa hata kukionja!

Alhamisi mama akaniambia, "Muulize kama alikipenda."

Nikauliza. Bibi Ruti akanitazama, na nikajua anajua kwamba niliona. "Mwambie hakikubaki hata kitone."

Ningeweza kumwumbua pale pale. Ulimi uliniwasha. Lakini mama alikuwa ameshainama kusubiri jibu, na uso wake sikuweza kuuvunja, nikatafsiri neno kwa neno. Akapiga makofi kwa furaha. Tangu siku hiyo nilimnunia yule bibi. Salamu zake nilizijibu kwa pua, na moyoni nilimwita mnafiki. Majira ya kuchipua yalipofika, sufuria ya bluu ilikuwa nje kwenye ngazi zake, imejazwa udongo na maua. Mama alifurahi kuona chombo alichokirudisha na nyama kimefanywa pambo. Mimi nilizidi kununa.

Bibi Ruti alifariki mwaka juzi. Wayahudi hukaa matanga siku saba, na binti yake alikuwa amekuja kutoka Louisville. Tulimpelekea matunda. Aliniona nikiitazama ile sufuria ngazini, akanieleza bila kuulizwa. Jikoni kwa mama yake nyama na maziwa havikukutana kamwe, hata vyombo vyake viliwekwa mbalimbali. Sufuria hiyo aliachiwa na mama yake mzazi. Ikishapikiwa vyote viwili pamoja, hairudi tena jikoni.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza.

"Angesemaje? Sisi tunafundishwa kwamba kutoa si huruma, ni haki ya mwenzako. Na kumwaibisha mtu mbele ya wengine ni kama kumwaga damu yake. Mama yako alikuja mikono imejaa. Mama yangu aliona siku ile ni ya mama yako, si yake." Akainama, akaiinua sufuria na maua yake. "Ichukueni."

Nilishindwa kumtazama. Miaka yote ile bibi wa watu alinisalimu, nami nikampa pua.

Mama akanivuta mkono. Kiingereza chake bado ni cha dukani. "Anasema nini kirefu hivyo?"

Nikafungua kinywa. Nikakumbuka uso wake alipokuwa ameinama kusubiri jibu.

"Anasema hakikubaki hata kitone."

Mama akacheka huku akilia, akaikumbatia sufuria na udongo wake. Ndiyo hiyo anayonipikia mbuzi ndani yake mpaka leo, na hajui kwamba Bibi Ruti hakumwonja. Bibi Ruti nilichelewa kumwomba radhi, lakini siri yake nimeitunza; chombo chake sikukirudisha kitupu.